Wakuu wa Android na iPhone: kiambatisho cha barua pepe kinagoma kufunguka ndani ya programu yangu

Mpima Ekari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Natengeneza programu ya simu kwa ajili ya AMCOS (chama cha ushirika cha masoko ya mazao) ya wakulima wa pamba huku Kanda ya Ziwa. Afisa ugani anazunguka shamba na simu, programu inachora mipaka na kukokotoa ekari, halafu kila kitu kinafungwa kwenye faili moja lenye kiendelezi cha .shamba. Katibu ofisini analihakiki kwenye kompyuta, kisha analirudisha kwa afisa kama kiambatisho cha barua pepe. Hapo kwenye kurudisha ndipo pananitoa jasho.

Afisa akigusa kiambatisho, simu inamjibu kwamba hakuna programu ya kulifungua. Programu ipo, ikoni anaiona kwa macho yake! Faili hilohilo nikilihamisha kwa waya na kuligusa kwenye programu ya mafaili ya simu, linafunguka vizuri tu. Kichujio changu, kinachoiambia Android programu yangu inafungua mafaili gani, kwenye manifesti (faili la maelezo ya programu) ni hiki:

```
<intent-filter>
  <action android:name="android.intent.action.VIEW" />
  <category android:name="android.intent.category.DEFAULT" />
  <data android:scheme="content" android:host="*"
        android:mimeType="*/*"
        android:pathPattern=".*\\.shamba" />
</intent-filter>
```

Maafisa wawili wanatumia iPhone, na huko hata sijui pa kuanzia. Nawasilisha.

---

Kandambili

Nimevuta kiti. Shida hii iliwahi kunifanya nimwambie mteja awe "anapakua kwanza", na mteja akanielewa vibaya. Wenye madini shukeni.

---

Mzee wa Logcat

Mkuu Mpima Ekari, kabla hujabadilisha chochote, ondoa kwa muda huo mstari wa pathPattern na host, acha `*/*` peke yake. Ndani ya onCreate, inayoitwa skrini ya programu (activity) inapoanza, chapisha intent.data na intent.type, yaani anwani na aina ya faili lililoletwa, kisha rudi kwenye barua pepe uguse kiambatisho. Kwa Gmail utaona kitu cha namna hii:

```
data: content://com.google.android.gm.sapi/...
type: application/octet-stream
```

Itazame hiyo anwani mpaka mwisho wake. Neno "shamba" halimo, na jina la faili halimo. Ni anwani ya ndani ya ghala la programu ya barua pepe, imejaa namba na herufi zinazoeleweka na mwenye ghala tu. pathPattern yako inatafuta maandishi yanayoishia na .shamba, haiyaoni, basi Android inaitoa programu yako kwenye orodha. Programu ya mafaili yenyewe huliweka jina la faili mwishoni mwa anwani, ndiyo maana huko unapeta. Hakuna kanuni inayomlazimisha anayetoa faili aweke jina kwenye anwani. Ukitegemea pathPattern kwa anwani za content:// unacheza bahati nasibu.

Sasa hiyo application/octet-stream imetoka wapi? Imetoka kwa katibu wako. Siyo kwamba kaiandika yeye, kivinjari chake kimeiandika. Mfumo wa MIME, ule ambao Nathaniel Borenstein aliutumia tarehe 11 Machi 1992 kutuma barua pepe yenye picha na sauti ya waimbaji wanne, unataka kila kipande cha barua kibandikwe lebo ya aina, yaani Content-Type. Ni sawa na kifurushi cha basi: anayepokea stendi anasoma kilichoandikwa juu ya boksi, hafungui kuona ndani kuna dagaa au vitenge. Kivinjari cha katibu hakijawahi kusikia .shamba, kwa hiyo kinabandika lebo ya "baiti tu, sijui ni nini", na hiyo ndiyo octet-stream. RFC 2046, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1996, inaieleza hivyohivyo.

Kwa hiyo pokea hiyo lebo:

```
<intent-filter>
  <action android:name="android.intent.action.VIEW" />
  <category android:name="android.intent.category.DEFAULT" />
  <data android:scheme="content"
        android:mimeType="application/octet-stream" />
  <data android:scheme="content"
        android:mimeType="application/vnd.mfano.shamba" />
</intent-filter>
```

Kile kichujio chako cha zamani usikifute, kinasaidia kwa programu za mafaili. Ila kiwe peke yake kwenye intent-filter yake. Ukivichanganya humo ndani, Android inazikusanya sifa zote za data za kichujio kimoja na kuzioanisha zenyewe kwa zenyewe, utapata mseto ambao hukuukusudia. Na activity hiyo iwe na `android:exported="true"`. Ukilenga Android 12 kwenda juu na hujaitaja exported kwenye activity yenye kichujio, programu haisakiniki kabisa.

Jina la faili utalipata kwa kumuuliza mwenye ghala:

```
val jina = contentResolver.query(
    uri, arrayOf(OpenableColumns.DISPLAY_NAME),
    null, null, null
)?.use { c -> if (c.moveToFirst()) c.getString(0) else null }

contentResolver.openInputStream(uri)?.use { mkondo ->
    // soma hapa
}
```

Usithubutu kuigeuza uri iwe njia ya faili kwa `File(uri.path)`. Hiyo ni tabia ya enzi za file://, na tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 programu inayolenga toleo hilo ikijaribu kumpa mwenzake anwani ya file:// inaangushwa na FileUriExposedException. Mafunzo mengi mtandaoni bado yanaifundisha, yaruke.

---

Mpima Ekari

Mzee, heshima yako. Nimechapisha hizo mbili na nimekuta ulichosema, hadi hiyo gm.sapi. Sasa kiambatisho kinafunguka.

Yamezuka mawili. Kwanza, programu yangu sasa inajipendekeza kwa kila faili la ajabu kwenye simu. Afisa mmoja kapokea faili la ramani la programu nyingine, simu ikampa yangu kama chaguo, akaigusa, ikaanguka. Pili, faili likifunguka naona mipaka vizuri, lakini ile kazi ya nyuma ya WorkManager inayolipeleka kwenye seva mtandao ukirudi inakufa na SecurityException (kosa la kukosa ruhusa). Anwani ni ileile!

---

Mzee wa Logcat

La pili ni jepesi, nalianza. Ruhusa ya kusoma ile anwani umeazimwa kwa muda. Programu ya barua pepe inafungua mlango kwa bendera ya FLAG_GRANT_READ_URI_PERMISSION, na mlango unafungwa pale activity yako iliyopokea inapomaliza maisha yake. WorkManager inaamka baadaye, inakuta kufuli. takePersistableUriPermission haitakuokoa hapa, kwa sababu inafanya kazi pale tu mtoaji alipokubali tangu mwanzo ruhusa idumu, na barua pepe haifanyi hivyo. Dawa: ukipokea tu, nakili baiti zote kwenye filesDir yako (folda ya ndani ya programu), na kuanzia hapo shughulika na nakala. Kunakili kufanyike nje ya uzi mkuu wa programu, faili likiwa kubwa skrini itaganda.

Umegusa pia jambo ambalo hukuuliza: programu ikiwa tayari imefunguliwa na activity yako ni singleTask (inabaki nakala moja tu), kiambatisho cha pili hakipiti onCreate, kinapita onNewIntent. Usipoishughulikia, afisa atafungua faili la kijiji cha pili huku anaonyeshwa la kwanza. Kwenye vipimo vya ardhi huo ni ugomvi.

La kwanza halina tiba kamili. Ukikubali octet-stream umekubali wageni. Kilichobaki ni kuwapokea kistaarabu: soma baiti chache za mwanzo, kama siyo faili lako toa ujumbe wa mstari mmoja na ufunge. Faili la .shamba ndani yake ni nini? JSON? Zipu?

---

Mpima Ekari

Zipu. Ndani kuna JSON moja ya mipaka na picha za alama za mpakani.

---

Mzee wa Logcat

Basi baiti nne za kwanza ni 50 4B 03 04, herufi P na K za Phil Katz aliyebuni umbizo la zipu. Hiyo inakuambia ni zipu, haikuambii ni .shamba, docx nayo ni zipu, apk nayo ni zipu. Iga ujanja wa EPUB, umbizo la vitabu vya kielektroniki. Wao wanadai faili la kwanza kabisa ndani ya zipu liitwe `mimetype` na lisibanwe, maudhui yake ni application/epub+zip. Kwa kuwa halijabanwa na ni la kwanza, jina linaanza baiti ya 30 na maudhui baiti ya 38, kila mara. Unasoma baiti chini ya mia moja na jibu unalo, bila kuifungua zipu yote.

Na kwa kuwa ni zipu, ongeza application/zip kwenye kichujio. Kuna programu za barua pepe zinazochungulia ndani ya faili kabla ya kubandika lebo, hizo zitakuandikia zipu.

---

Binti Kufuli

Samahani kuingilia, kaka Mpima Ekari. Hapo kwenye kunakili kwenda filesDir, usitumie jina lililotoka DISPLAY_NAME. Jina hilo linatungwa na programu iliyokutumia faili, na programu mbaya inaweza kujitangaza kuwa ni barua pepe na ikakupa jina kama `../shared_prefs/mipangilio.xml`. Ukiliunganisha kichwakichwa na folda yako, umeandika juu ya mipangilio yako mwenyewe kwa mkono wako.

Siyo nadharia. Mei 2024 Microsoft walichapisha udhaifu huu kwa jina la Dirty Stream, na kati ya programu walizozikuta nao ni kidhibiti cha mafaili cha Xiaomi na WPS Office, ambazo zilikuwa zimesakinishwa mara mamia ya mamilioni. Zote mbili zilisharekebishwa kabla ya chapisho kutoka. Tunga jina lako, UUID (kitambulisho cha nasibu kisichojirudia) inatosha, na lile la DISPLAY_NAME libaki la kuonyesha kwenye skrini tu.

Kwa kuwa unafungua zipu, kagua na majina yaliyomo ndani ya zipu, ujanja ni uleule wa nukta mbili. Weka pia kikomo cha ukubwa baada ya kufumua. Zipu ndogo tu inaweza kufumuka ikajaza simu nzima.

---

Tozo Zimezidi

Mimi naona mnahangaika bure. Mwaka huu nani bado anatuma viambatisho? Weka faili kwenye seva, tuma kiungo, tumia App Links na assetlinks.json, kiungo kinafungua programu moja kwa moja. Hakuna octet-stream, hakuna wageni.

---

Mpima Ekari

Mkuu Tozo, niliifikiria. Afisa anapakua barua asubuhi akiwa mjini, kisha anaingia vijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka. Kiambatisho kikishashuka kipo kwenye simu. Kiungo akikigusa akiwa katikati ya pamba anapata duara linalozunguka. Isitoshe katibu anataka nakala ibaki kwenye kisanduku chake cha barua zilizotumwa, ikitokea mzozo wa ekari aitoe.

---

Tozo Zimezidi

Hapo kwenye mzozo wa ekari nimekuelewa. Ila angalia picha, Gmail inakomea MB 25 kwa barua, na base64 inaongeza theluthi nzima juu ya ukubwa wa faili njiani.

---

Mwana wa Kisauni

Salaam. Mimi niko upande wa iPhone, tena nafurahi mmenibakishia kitu. Huku mambo yana urasimu zaidi, lakini ukishajaza fomu unalala.

iOS inajali sana kiendelezi, kinyume na hayo ya Android. Unaitangazia kwenye Info.plist (faili la maelezo ya programu) kwamba kuna aina mpya duniani na mwenyewe ni wewe:

```
<key>UTExportedTypeDeclarations</key>
<array><dict>
  <key>UTTypeIdentifier</key>
  <string>com.mfano.shamba</string>
  <key>UTTypeConformsTo</key>
  <array><string>public.data</string></array>
  <key>UTTypeTagSpecification</key>
  <dict>
    <key>public.filename-extension</key>
    <array><string>shamba</string></array>
    <key>public.mime-type</key>
    <array><string>application/vnd.mfano.shamba</string></array>
  </dict>
</dict></array>
```

Kisha kwenye CFBundleDocumentTypes unaitaja com.mfano.shamba ndani ya LSItemContentTypes na kuweka LSHandlerRank iwe Owner. Wengi wanajaza sehemu moja na kusahau nyingine: ya kwanza inasema aina hii ipo, ya pili inasema mimi naifungua. Zote mbili zinatakiwa. Kiendelezi andika "shamba" bila nukta mbele, ukiweka nukta hakuna atakayekulalamikia na hakuna kitakachofanya kazi.

Conformance (hiyo UTTypeConformsTo) ibaki public.data. Kuna watu wanaona faili lao ndani ni JSON au maandishi wanaandika public.text, kisha wanashangaa Mail inalifungua lenyewe na kuonyesha maandishi yote kwenye skrini, mtumiaji anabaki kutafuta kitufe cha kushiriki.

Halafu amua kuhusu LSSupportsOpeningDocumentsInPlace. Usipoiweka, App Store Connect (tovuti ya Apple ya kupakia programu) itakutumia onyo la ITMS-90737. Kwa kazi yako weka false: iOS itanakili kiambatisho kwenye Documents/Inbox ya programu yako. Humo unaruhusiwa kusoma na kufuta, kuandika huruhusiwi, kwa hiyo kihamishe kwanza ndipo umruhusu afisa abadilishe mipaka. Na ufute ukimaliza, kwani faili la jina lilelile likija tena litaongezwa -1, -2 na Inbox itageuka stoo.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalowanyima watu usingizi. Programu ikiwa wazi nyuma, faili linaingia kupitia `scene(_:openURLContexts:)`. Ikiwa imefungwa kabisa, hiyo haiitwi. Faili linakuja ndani ya connectionOptions.urlContexts kwenye `scene(_:willConnectTo:options:)`. Kwenye majaribio mtengenezaji huwa ameiacha programu wazi, kila kitu shwari. Afisa aliyeiwasha simu asubuhi anagusa kiambatisho, programu inafunguka kwenye ukurasa wa mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukitumia SwiftUI, onOpenURL inashughulikia hali zote mbili.

---

Mpima Ekari

Dada Mwana wa Kisauni, Mungu akuzidishie. Na nilikuwa nimeweka nukta.

---

Mwana wa Kisauni

Ni ndugu, siyo dada 😄. Mwana ni wa Kisauni tu.

---

Mpima Ekari

Nisamehe ndugu yangu.

---

Kijana wa Flutter

Nami nichomekee. Mnaotumia Flutter 3.27 na kuendelea (zana ya kutengeneza programu za Android na iPhone kwa pamoja): deep linking, yaani kiungo kufungua ukurasa ndani ya programu, imewashwa yenyewe, na upande wa Android Flutter inaichukua data ya intent kuwa ni njia ya ukurasa. Kiambatisho kinafunguka halafu router inalalamika haiijui njia ya "content://...". Kwenye manifesti, ndani ya activity, weka meta-data ya `flutter_deeplinking_enabled` iwe false, kisha pokea faili mwenyewe kwa method channel au plagini ya kupokea.

---

Kandambili

Swali la mtu mvivu. Kama katibu anatuma kwa kompyuta yake lebo inakuwa octet-stream, je barua ikitoka kwenye seva yetu?

---

Mzee wa Logcat

Swali zuri kuliko uvivu wako. Seva yako ni wewe, unabandika lebo unayotaka. Kwa Python:

```
barua.add_attachment(
    data,
    maintype="application",
    subtype="vnd.mfano.shamba",
    filename="kijiji.shamba")
```

Mpima Ekari, kama unaweza kumpa katibu kitufe cha "Tuma kwa afisa" ndani ya mfumo wa ofisini badala ya kuambatisha kwa mkono, fanya hivyo, na nakala ibaki kwenye kisanduku chake kwa kumweka kwenye CC. Hapo kichujio cha vnd kitafanya kazi yake na siku moja unaweza kuthubutu kuiondoa octet-stream. Mimi nisingeiondoa mapema. Afisa mmoja akim-forwardia mwenzake kutoka programu nyingine, lebo inaweza kubadilika njiani.

Usianze na x- kwenye jina la aina, RFC 6648 ya mwaka 2012 iliuaga utaratibu huo. Tumia vnd. na jina la taasisi yenu. Kusajili IANA (wanaotunza orodha ya aina hizi) ni kujaza fomu kwenye tovuti yao, lakini simu hazisubiri usajili huo ili zifanye kazi.

---

Mpima Ekari

Mrejesho. Kitufe kimewekwa, lebo inafika kama ilivyotumwa, logcat (kumbukumbu za simu) imethibitisha. Octet-stream nimeiacha, na mgeni asiye na `mimetype` yetu anaambiwa "Faili hili si la vipimo vya shamba" kisha activity inajifunga. Nakala inaingia filesDir kwa UUID. iPhone moja tayari, nimeijaribu programu ikiwa imefungwa kabisa na imepokea. Iliyobaki mwenyewe yuko safarini.

Swali dogo kabla sijafunga: afisa mpya ambaye hajasakinisha programu akigusa kiambatisho, naweza kumpeleka Play Store?

---

Mzee wa Logcat

Kwa kiambatisho chenyewe hapana, programu isiyokuwepo haina kichujio cha kusomwa. Weka kiungo cha Play Store na cha App Store kwenye maandishi ya barua, juu ya kiambatisho, seva yako ndiyo inayoyaandika sasa.